Muuza Makabati Aliyerudi Baharini

Siku nchi yetu ilipoanguka, Svanlaug binti Ketill alikuwa anauza marumaru. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba 2008, pale Reykjavík, katika duka la majiko ya Kiitalia, makabati na mawe ya meza, alilolifanyia kazi miaka mingi. Mteja wake, bwana mmoja mwenye koti zuri, alikuwa ameshika kipande cha jiwe jeusi akikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, anauliza kama divai ikimwagika itaacha doa. Simu yake ikalia. Akasikiliza, akakiweka kile kipande mezani taratibu kama analaza mtoto, akatoka. Hakuaga. Alasiri ile waziri mkuu alizungumza kwenye televisheni, na alipomaliza alimwomba Mungu aibariki Aisilandi. Svanlaug aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa hasa. Sisi si watu wa kumtaja Mungu kwenye televisheni.

Namjua tangu alipokuwa anatambaa. Mimi nina duka la pekee hapa Kaldavík, huku magharibi kwenye milima na ghuba nyembamba, na nyumba yangu iko chini kidogo ya nyumba ya baba yake. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki alinisimulia mwenyewe jikoni kwangu.

Ndani ya wiki ile benki zetu tatu kubwa zilikwisha. Krona ikaporomoka. Svanlaug na mumewe Indriði, ambaye ni seremala, walikuwa wamejenga nyumba kwenye mtaa mpya nje ya mji kwa mkopo uliofungwa na fedha ya Japani na ya Uswisi, kwa sababu kijana wa benki aliwaambia riba yake ni nyepesi. Sasa mkopo ulikuwa unavimba kila wakisoma gazeti, na nyumba yenyewe hakuna aliyeitaka. Mtaa mzima ulibaki na majengo yasiyo na madirisha, na winchi za ujenzi zimesimama juu yake bila kugeuka. Duka la majiko lilifungwa kabla ya Krismasi. Mwenye duka hakuwa na mshahara wa mwisho wa kuwapa wafanyakazi wake, akawaambia kila mtu achukue anachoweza kubeba. Svanlaug akabeba sufuria moja nzito ya shaba.

Sufuria hiyo ndiyo aliyokwenda kuipiga mbele ya Bunge mwezi wa Januari, yeye pamoja na maelfu ya watu, kwa mwiko wa chuma, kwenye theluji, siku baada ya siku, mpaka kitako kikabonyea. Serikali ikaondoka. Watu wasiojuana walikumbatiana barabarani. Svanlaug akarudi nyumbani na kuikuta kimya, maana Indriði alikuwa ameshakwenda Norway kutafuta kazi ya ujenzi. Jioni ile akanipigia simu.

"Tumeiangusha serikali," akaniambia. "Sasa sijui nimwangushe nani."

Nikamwambia aje kwao.

Haikuwa rahisi kwake kuja, na inabidi nieleze kwa nini. Zamani kila mashua ya Kaldavík ilivua kadiri ya nguvu zake. Kisha serikali ikawagawa samaki wa baharini kwa mafungu. Kila mwenye mashua akapewa fungu lake, na fungu likawa mali ya kuuzika kama ng'ombe. Kampuni kubwa za mbali zikaanza kununua. Hapa kwetu waliuza mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeuza alionekana na gari jipya. Mzee Ketill alikuwa wa mwisho kubaki. Svanlaug alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amevua na baba yake kila kiangazi tangu utotoni, anaijua miamba ya ghuba yetu kama anavyoijua ngazi ya kwao, na alimwomba baba yake waziwazi kwamba siku atakapochoka, mashua na fungu viwe vyake. Ketill hakumjibu. Theluji ilipoyeyuka aliuza fungu, na binti yake akazipata habari hizo hapa dukani kwangu, kutoka kwa mtu aliyekuja kununua tumbaku. Wiki hiyohiyo alipanda basi la kusini. Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Kwa karibu miaka ishirini waliongea kwa simu habari za hali ya hewa.

Kiwanda cha samaki kikafungwa, vijana wakaondoka, shule ikabaki na watoto wa kuhesabika. Waliouza mafungu yao walizichoma mashua zao ufukweni. Ketill hakuichoma ya kwake. Aliiburuta kwa trekta mpaka kwenye banda la kondoo, akafunga mlango na kuutundika ufunguo kwenye msumari, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilitaja jina lake, *Unnur*.

Svanlaug alifika Februari, gari lake dogo limejaa nguo. Baba yake akafungua mlango, akamtazama, akamwambia upepo umegeukia kaskazini. Svanlaug akasema ndiyo, ameuona njiani. Hayo ndiyo yaliyokuwa makaribisho. Nikampa saa chache za kazi dukani, na asubuhi akasafisha bwawa la kuogelea la kijiji.

Mwezi wa Aprili redio ikatangaza habari ambayo watu wa Reykjavík pengine hawakuigeuzia hata kichwa. Kwa sababu ya hali ya nchi, kiangazi kile serikali ingeruhusu mashua ndogo kuvua kwa mshipi karibu na pwani bila fungu lolote. Kibali tu, na kikomo cha uzito kwa siku. Svanlaug alikuwa anapanga makopo ya njegere. Akaliacha kopo alilokuwa ameshika, akavaa koti, akapanda mlima kwenda kwa baba yake, nami nikafunga duka nikamfuata, maana sikutaka kusimuliwa.

Ketill alikuwa mezani anakula samaki mkavu na siagi.

"Baba, naitaka *Unnur*."

"Ile si mashua tena. Ni kuni."

"Basi nipe hizo kuni."

"Za kufanyia nini?"

"Nitavua."

"Wewe ni muuza makabati," Ketill akasema, akaendelea kupaka siagi.

Svanlaug aliutoa ufunguo kwenye msumari mbele ya macho yake na kutoka nje. Mzee alibaki anaangalia ule msumari mtupu. Nikamuuliza kama atamzuia. Akanijibu kwamba akiwa mtoto hakuwahi kuzuilika, itakuwa leo.

Mashua ilikuwa imekauka mno. Mwanga ulipenya kati ya mbao zake, na panya walikuwa wamefanya makao kwenye chumba cha mbele. Svanlaug alianza peke yake, anakwangua rangi, anang'oa misumari iliyooza, anatia kalafati, nyuzi za kuzibia maji, kwenye kila ufa. Kutoka dirishani kwake Ketill aliliona banda vizuri, na kwa siku nyingi alisimama pale na kikombe cha kahawa. Mwisho akashindwa. Alishuka, akamnyang'anya nyundo ya mti mkononi.

"Unagonga kama unatundika picha ukutani," akamwambia.

Kutoka siku hiyo walifanya kazi pamoja, kimya, baba upande wa kushoto na binti upande wa kulia. Indriði alipata likizo fupi akaja kutoka Norway, akabadilisha mbao mbili zilizokuwa zimekufa kabisa. Alizichonga kwa uangalifu, na Ketill akazipitisha kidole na kutangaza kwamba mkwewe amemtengenezea mashua yenye kona za sebuleni. Lakini mbao zilikaa. Svanlaug akauza gari lake, akanunua boya la kuokolea na mashine za mshipi zilizotumika.

Pale bandarini kuna benchi, na penye benchi pana wazee. Mkubwa wao ni Geirmundur, mkuu wa bandari, mtu mwenye cheo na asiye na kazi, kwa kuwa winchi yake ya kupakulia samaki ilikuwa imeshika kutu na mizani yake ilikuwa inatumiwa na wanawake kupimia sufu. Siku *Unnur* iliposhushwa majini, walikuwepo wote.

"Nahodha," Geirmundur akaita, "hilo jiko lako lina oveni?"

"Linayo," Svanlaug akajibu bila kugeuka. "Ya kuoka wazee wasio na kazi."

Benchi zima likacheka, Geirmundur mwenyewe akacheka kuliko wote. Usiku ule, mwenyewe hana habari kwamba nilimwona, alikuwa pale na kopo la grisi anaipaka winchi.

Mashua ilivuja, kama inavyovuja kila mbao iliyokauka, na kwa siku kadhaa Svanlaug na baba yake walipokezana kufua maji. Kisha mbao zikanywa zikajaa, ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, ikakauka. Mkaguzi alikuja, akapigapiga mataruma, zile mbavu za mashua, kwa kiganja, akauliza ni nani aliyemfundisha huyu mama kutia kalafati. Ketill akajibu kwamba hamjui.

Kibali kikatoka mwishoni mwa Juni. Siku ya kwanza ya uvuvi jua halikuwa limezama kabisa, ndivyo kulivyo kwetu majira hayo, na ukungu mwembamba ulikuwa umekaa juu ya maji. Svanlaug aliondoka peke yake. Nilimpa mkate wa shayiri na chupa ya kahawa. Baba yake hakushuka gatini. Alikaa jikoni kwake karibu na redio ya mawasiliano, ile ambayo mashua zote hutumia kuzungumza na kila nyumba ya ghuba husikiliza, na kila nilipochungulia alikuwa pale pale.

Hakuna aliyetegemea mengi. Tulidhani atarudi jioni na kapu moja, na sisi tutamsifu kama mtu anavyomsifu mtoto. Kabla ya saa sita mchana tukasikia injini. *Unnur* ilitokea kwenye ukungu imekaa chini sana majini, na mwanzo niliogopa nikidhani inazama. Haikuwa inazama. Makasha yote yalikuwa yamejaa chewa, wakubwa, weupe tumboni, na wengine wamelazwa sakafuni. Alikuwa amekwenda moja kwa moja kwenye mwamba aliokuwa akivua na baba yake akiwa msichana, na samaki walikuwa pale, kwa kuwa kwa miaka yote ile hakuna mtu wa kwetu aliyewagusa.

Geirmundur akawasha winchi. Ililia vibaya, ikatetemeka, ikainua kasha la kwanza hewani, na wale wazee wa kwenye benchi wakasimama mmoja mmoja, wakavua kofia. Sijui nani alianza. Watu walitoka majumbani, akina mama na aproni zao, mwalimu na watoto wake wachache. Tulisimama tu tunaangalia samaki wanapita hewani, kasha baada ya kasha, kwenye gati ambalo nyasi zilikuwa zimeota kwenye nyufa zake. Geirmundur alipima, akaandika, akakohoa, akatangaza kwamba uzito umefika kikomo cha siku na kwamba chewa hawa wa mwisho wamezidi uzito, wapelekwe kwa Bergrós wakaliwe. Bergrós ni mimi. Tulikula sote jioni ile, na Svanlaug alilala na uma mkononi.

Siku iliyofuata mnada wa samaki ukapiga simu kueleza bei, na Svanlaug akaomba warudie. Samaki wetu huuzwa Uingereza na Hispania. Krona ikishuka, mnunuzi wa huko anaona bei nafuu, nasi huku tunapokea krona nyingi. Kule kuporomoka kulikomfungia duka la majiko ndiko kulikompandishia bei ya chewa. Aliketi kwenye gunia la viazi dukani kwangu na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na wateja wakasubiri.

Kabla ya Julai kwisha mashua nyingine nne zilikuwa zimetolewa kwenye mabanda na nyuma ya nyumba. Zingine zilipakwa rangi ya kuezekea, zingine injini zake zilikohoa kama wazee waliokuwa wanaziendesha. Lakini zilikwenda na kurudi. Geirmundur akaacha kukaa kwenye benchi.

Halafu ikaja ile asubuhi ya upepo wa kaskazini. Svanlaug alikuwa anarudi akiwa amejaza mashua, injini ikazimika nje ya miamba ya mdomo wa ghuba, mahali ambapo mawimbi yakikushika hayakuachii. Nilikuwa jikoni kwa Ketill nimempelekea maziwa. Redio ikasema, kwa sauti ya Svanlaug, tulivu mno, kwamba injini imekufa na anasukumwa kwenye miamba.

Mzee aliruka kwenye ile redio kama kijana. Akamwambia atupe nanga omo, yaani mbele ya mashua, aiachie kamba yote. Tukasubiri. Nanga imeshika, Svanlaug akasema. Akamwambia afungue bomba la mafuta la chini, si la juu, maji huingia hapo, akamuelekeza nati kwa nati, na mashua nyingine zikageuza kwenda kwake, lakini zilikuwa mbali. Nilikuwa nimeshika meza. Ndipo Ketill, akiwa amekibonyeza kile kitufe, akiwa amesahau au hajali kwamba ghuba nzima inamsikia, akasema:

"Svana, mwanangu. Mwaka ule nilipouza. Nilikuwa nadaiwa, nikaona aibu kukwambia. Nilikuuza wewe pamoja na samaki. Nilijua siku ileile nilipoweka sahihi."

Redio ikakwaruza.

"Baba," Svanlaug akasema, "maji nimeyatoa, bomba nimelifunga. Toka kwenye redio nisikie injini."

Kisha tukaisikia, kupitia redio, ikikohoa mara ya kwanza, mara ya pili, halafu ikashika na kunguruma. Ketill akaketi chini. Nikamsogezea kikombe cha kahawa. Na redio ikaleta sauti nyingine, ya Geirmundur kutoka ofisi ya bandari:

"Mzee Ketill, umeongea leo kuliko miaka yote niliyokujua. Kapumzike usije ukaumwa."

Tulishuka gatini sote wawili. Svanlaug alifunga kamba, akapanda juu, na baba yake akasimama mbele yake. Svanlaug akamshika mabega, akamwekea paji la uso kwenye paji lake, wakakaa hivyo muda mrefu huku upepo unawapiga. Halafu Ketill akauliza kwa nini samaki hawajatiwa barafu, wakaanza kazi.

Nyumba ya kusini iliondoka. Benki ile mpya iliyochukua mali za benki ya zamani iliichukua, na Svanlaug alikwenda kukabidhi funguo akiwa na buti za mvuvi na harufu ya mvuvi, kwa makusudi. Aliniambia alitegemea kulia njiani akirudi. Badala yake aliimba, kilomita baada ya kilomita, nyimbo zote alizozijua. Mwaka uliofuata Indriði akarudi kutoka Norway moja kwa moja, na siku moja akajaribu kwenda baharini na mke wake. Alitapika kuanzia gatini mpaka gatini. Tangu hapo amebaki nchi kavu, na ni yeye aliyeezeka upya kiwanda cha samaki, ambako sasa watu kumi na wawili wa kijiji hiki wanakausha chewa kwa ajili ya kuuza nje. Shule imepata mwalimu wa pili.

Katika Sikukuu ya Mabaharia, Jumapili ya kwanza ya Juni, tulifanya sherehe ambayo ilikuwa haijafanyika Kaldavík tangu kiwanda kifungwe. Wanawake walishindana kupiga makasia na timu ya duka langu ikashika mkia. Kanisani Svanlaug alichaguliwa kusoma majina ya waliopotelea baharini. Mchana Geirmundur akamtaka nahodha aseme maneno machache kwenye gati. Svanlaug si mtu wa hotuba. Alisema kwamba kusini walituambia nchi imefilisika, na yeye aliamini, kwa sababu alikuwa anaangalia alichokuwa anakiuza, si bahari aliyoiacha kwao. Akashukuru, akashuka.

Asubuhi iliyofuata niliwapelekea mkate gatini kama kawaida. Ketill alikuwa amesimama pale amevaa sweta lake la sufu na koti la mvua, ingawa hakukuwa na wingu. Svanlaug alikuwa kwenye usukani.

"Nahodha," mzee akaita, na hakuna mzaha uliokuwemo. "Naomba kupanda."

Svanlaug alimtazama kidogo kutoka juu mpaka chini, kama anavyotazamwa baharia mgeni.

"Unajua kufanya nini?"

"Kidogo tu. Mshipi na kahawa."

"Kahawa yako nimeinywa. Utakaa kwenye mshipi," akamwambia, na akanyoosha mkono kumpokea.